Kutakata kwa Ngozi

Je, yafaa chakula kupakwa mwilini? Swali hili huulizwa katika nyumba nyingi za Tanzania, na mwulizaji aghalabu si mwanafalsafa. Ni bibi aliyeona bakuli likitoka jikoni na kuelekea mahali pasipokuwa na mdomo. Na uchukuliwe kwa mfano ua wa nyumba moja ya Gorong'a, katika nchi ya Wakurya iliyo pande za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Parachichi limepondwa kwa kijiko, limetiwa asali na mtindi, na mjukuu aliyerudi likizo kutoka masomoni amejipaka uso mzima hata yamebaki macho na meno tu. Bibi yake, aketiye kivulini akichambua mboga, amtazama kwa kitambo, kisha asema: "Mjukuu wangu, kilichokushinda kula ndicho unachokivaa?" Mjukuu amjibu kwa adabu: "Ngozi nayo ina njaa yake, Bibi." Wote wawili hucheka.

Kicheko hicho kingeweza kuwa mwisho wa habari. Walakini maneno yale mawili yamebeba hoja mbili nzito kuliko wasemaji walivyodhani, na hoja ya tatu, iliyo nzito kuliko zote mbili, haikusemwa kabisa.

Hoja ya bibi ni ya heshima ya chakula. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya mkulima hujua kwamba unga haukanyagwi, kwamba tonge lililoanguka huokotwa, na kwamba mtoto achezeaye chakula hukanywa upesi kuliko mtoto avunjaye chungu. Kila tonge lina jasho la mtu, na mara nyingi ni la mwanamke, aliyelima, akapalilia, akavuna, akabeba gunia kwenda mashineni, akateka maji na kukata kuni. Kukichukua kitu kilichopatikana kwa taabu hiyo, kisha kukimwaga pamoja na maji ya kunawia baada ya robo saa, huonekana kama kuifuta kazi ya mtu mbele ya macho yake. Tena yupo jirani. Yai lililovunjwa kwa ajili ya uso wa mmoja lingeweza kuwa kitoweo cha mtoto wa nyumba ya pili, na mtoto huyo ana macho. Hoja hii haiwezi kutupwa kwa kuitwa ya kizamani. Atakaye kuitupa na alime kwanza.

Hata hivyo ina mahali inapokwama. Mahali pa kwanza ni padogo: msimu wa maparachichi ukiwadia, mengi huanguka chini ya mti yakawa chakula cha mbuzi na nzi, na kijiko kimoja usoni hakimnyimi mtu. Jibu hili ni la kweli, lakini halina nguvu msimu ukipita. Mahali pa pili ni pakubwa, maana pamo katika ujana wa bibi mwenyewe, au wa mama yake. Wafugaji wa nchi hizi walijipaka samli. Maziwa yalitiwa katika kibuyu, kibuyu kikatikiswa kwa muda mrefu mpaka siagi ikajitenga, siagi ikayeyushwa motoni. Na samli ile ile iliyoungia mboga ndiyo iliyoupaka mwili. Katika nchi ambayo utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe, na mahari hata leo huhesabiwa kwa ng'ombe, samli haikuwa makombo. Ilikuwa miongoni mwa vyakula vya thamani kupita vyote vilivyokuwamo nyumbani, na ngozi ilipewa sehemu yake.

Pwani mambo yalikuwa yale yale kwa vitu vingine. Mafuta ya nazi yaliingia chunguni na kichwani. Bibi arusi wa Unguja alisuguliwa singo, mchanganyiko wa maua na viungo vilivyotwangwa, akapakwa liwa, naye somo wake akimwelekeza. Mbali zaidi, Wamisri wa kale, katika maandiko ya tiba yanayokadiriwa kuwa ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, waliitaja asali tena na tena miongoni mwa dawa zao. Kwa hiyo mjukuu wa Gorong'a hakuzua jambo. Amebadili kibuyu kwa bakuli.

Basi, maadam chakula kimepakwa mwilini tangu zamani na watu wenye heshima zao, lawama haiwezi kukaa katika chakula chenyewe. Yapasa itafutwe kwingine, katika kile ambacho mpakaji anaitaka ngozi yake iwe.

Samli ilitaka nini? Nchi ya juu ya Tarime iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa Ikweta. Jua lake ni kali, upepo wa kiangazi hukausha, na moshi wa kuni hauchagui uso. Ngozi isiyopakwa hupauka. Neno hili kupauka lina habari nyingi ndani yake. Aliyepauka hudhaniwa kuwa ni mtu asiye na wa kumtunza: yatima, mgonjwa, msafiri aliyesahauliwa na kwao. Mtoto aliyeng'ara miguu alitangaza njiani, bila kusema neno, kwamba nyumbani yupo mtu aliyemwinamia asubuhi ile. Tena, jambo lisilopaswa kupitwa, samli haikumfanya mtu mweusi awe mwingine. Iliuzidisha weusi wake na kuutia mng'aro. Hata mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough wa Marekani aliyapatia hataza mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, yalipofika madukani yalirithi kazi ile ile bila kuibadili, na huenda ndiyo sababu hayakuonekana mageni.

Ugomvi umo katika neno jingine. Kiswahili kina kitenzi kutakata. Maji yametakata, nguo imetakata, moyo umetakata: kila mara maana yake ni kwamba kitu kimetokwa na taka kikabaki katika hali yake halisi. Nguo nyekundu ikitakata huwa nyekundu zaidi. Hapana mfuaji aliyewahi kusifiwa kwa kuirudisha nyeupe. Lakini likisemwa juu ya ngozi, neno hili siku hizi limepinda. "Umetakata" huambiwa mtu aliyepungukiwa weusi. Kwa hila ndogo ya lugha, ambayo hakuna ajulikanaye kuwa aliitunga na watu wengi huitumia, weusi umewekwa mahali pa uchafu, na mtu mwenye rangi aliyozaliwa nayo amefanywa kuwa hajanawa. Sabuni huuzwa kwa ahadi ya kutakatisha, wala mnunuzi haambiwi ni taka gani iliyokuwapo.

Neno la pili ni la mtaani, na kwa kuwa halina adabu lina ukweli zaidi. Mtu aliyejichubua husemwa kuwa amejikoboa. Picha imetoka mashineni. Mahindi yakisagwa mazima hutoa dona; yakikobolewa kwanza hutoa sembe, nyeupe, laini, ya kuandaliwa wageni, nayo imekwisha kuachwa na ganda na kiini vilivyobeba sehemu kubwa ya vitamini, mafuta na madini ya mahindi. Walioanza mzaha huu hawakuwa na nia ya kufundisha chochote. Bali kila asikiaye neno hilo, hata mtoto, huelewa kwamba kitu kimeondolewa ambacho kilikuwa chakula.

Hapo ndipo ilipo hoja ya tatu. Bibi aliuliza juu ya parachichi. Angaliweza kuuliza: ukishaliosha, wataka uwe nani?

Kabla ya swali hilo kujibiwa, vitu vya bakulini vipewe haki yao, kwani vimesingiziwa kwa namna mbili, kwa kusifiwa mno na kwa kudharauliwa mno. Parachichi lina mafuta mengi, na mafuta yake hulainisha ngozi kavu kama mafuta mengine mema. Muujiza zaidi ya huo hauna. Asali huvuta maji na kuwazuia vijidudu kuzaana, na matabibu wameitumia juu ya vidonda. Mtindi una asidi ya maziwa, ambayo hulegeza chembe zilizokufa juu ya ngozi. Nguvu yake ni ndogo na hatari yake ni ndogo vilevile. Papai ni habari nyingine. Lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho mpishi hukitumia bila kukijua anapoifunga nyama ngumu katika majani ya mpapai ili ilainike. Mwaka 1999 ilichapishwa habari ya hospitali ya Royal Victoria mjini Banjul, Gambia, ambako papai lililopondwa lilipakwa kila siku juu ya majeraha ya moto ya watoto, likasaidia kuiondoa nyama iliyokufa. Hivyo nguvu ya papai si hadithi ya wanawake wa jikoni. Lakini kitu kinachoweza kula nyama iliyokufa si cha kuachwa juu ya uso wenye afya kwa saa nzima, na wako watu ambao papaini huwawasha na kuwavimbisha.

Kisha iko ndimu, ambayo wasichana huambizana kwamba ndiyo ya kwanza katika kutakatisha. Katika kipimo cha uchachu ambacho maji safi husimama kwenye 7, uso wa ngozi ya mtu mzima huwa kama 5, nayo maji ya ndimu hushuka karibu na 2. Kila hatua ya kipimo hiki ni mara 10. Ndimu, kwa hiyo, ni chachu kuliko ngozi kwa kadiri ya mara 1,000. Tena ina viini viitwavyo furanokumarini, ambavyo vikikutana na jua juu ya ngozi huiunguza. Malengelenge hutoka, na yakipona huacha madoa meusi kwa majuma au kwa miezi. Binti ajipakaye ndimu ili weusi umtoke, kisha akaenda kisimani saa sita mchana, aweza kurudi ameongezewa kile alichokikimbia. Magadi huelemea upande wa pili wa kipimo na kuivua ngozi kinga yake. Sukari ya chembe kubwa hukwaruza. Yai bichi laweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Hayo yatosha.

Husemwa kwamba kilichotoka shambani hakidhuru. Nchi ya Tarime ingekuwa ya mwisho kuliamini neno hilo. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu wa Wilaya ya Tarime ya siku zile, iliyokuwa pamoja na Rorya, walikula mihogo michungu ambayo haikupata siku za kutosha za kulowekwa na kukaushwa. Ukazuka ugonjwa uitwao konzo, ambao hupooza miguu ghafula na haurudi nyuma. Matabibu waliuchunguza huko, na maandishi yao yakachapishwa mwaka 1990. Sumu ile ilikuwa ya asili kabisa. Haikutoka kiwandani wala ng'ambo. Ilikuwa katika muhogo uliopandwa kwa mkono wa mlaji. Elimu ya kuiondoa nayo ilikuwa ya asili, ya bibi kwa mjukuu, na kilichokosekana ilikuwa muda. Asili haina wema wala ubaya. Ina kazi zake, na mtu hupona kwa kuzijua.

Sasa utetezi wa mjukuu usikilizwe mpaka mwisho, maana una nguvu kuliko walivyo tayari kukiri wahubiri wengi. Kwanza, yeye avijua vilivyomo bakulini. Kopo la dukani limeandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha ya watu wengine. Pili, bakuli halimwombi fedha, na mwenye fedha kidogo hapaswi kuchekwa kwa kutumia alicho nacho. Tatu, na hili halisemwi, robo saa ile ni yake. Binti wa nyumba ya kijijini huamka kabla ya jua, hufagia, huteka maji, hupika, huosha, hubeba mdogo wake mgongoni. Kila mtu ana haki ya kumtuma. Akiwa amepaka parachichi usoni na kufumba macho chini ya mti, hapana amtumaye, kwa kuwa hafai kuonekana dukani. Hiyo yaweza kuwa robo saa pekee ya siku yake ambayo mwili wake haufanyi kazi ya mtu mwingine. Anayeiita anasa na ahesabu saa zake mwenyewe za kupumzika, hasa akiwa mwanamume.

Kwa hiyo kujitunza si kosa, na kutaka kupendeza si kosa. Swali lililobaki ni lile la kutakata, nalo lina kipimo chepesi kukitaja na kigumu kukitumia. Lau bakuli lingelainisha ngozi, likaondoa chunusi, likapoza mwasho, nayo rangi ikabaki kama ilivyokuwa, je, mpakaji angefurahi au angevunjika moyo? Akifurahi, amefanya alichofanya bibi yake kwa samli. Akivunjika moyo, basi hakuwa akiitunza ngozi, alikuwa akiihamisha.

Ugumu ni kwamba nia hizi mbili hukaa katika moyo mmoja, wala mwenye moyo hajui daima ipi inasema. Mwaka 2011 Kelly Lewis na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 42 wa Dar es Salaam waliotumia vipodozi vya kuchubua. Wanawake hao walitoa sababu zisizolingana: wengine walitaka kuondoa vipele na chunusi, wengine ngozi laini, wengine kufanana na Wazungu, wengine kuwaridhisha wanaume, na wengine walikuwa wakijaribu kurekebisha yaliyoharibiwa na vipodozi vya kwanza. Atakayewaita wote watumwa wa rangi atawaonea baadhi yao, na atakayesema kwamba ni suala la vipele tu atafumba macho. Aliyeanza kwa kipele aweza kumaliza kwa rangi, bila kupita mahali palipoandikwa kwamba hapa njia imegawanyika.

Na kosa ni la nani? Ni desturi kumlaumu binti. Lakini siku alipozaliwa, kabla hajafumbua macho vizuri, wanawake waliomzunguka walitazama ncha za masikio yake ili wabashiri rangi atakayokuwa nayo, na katika wanawake hao yumkini bibi yake alikuwamo. Alipokua alisikia nduguye akiitwa mzuri kwa kuwa ni maji ya kunde, naye akaambiwa kwamba ana akili. Aliona picha za maarusi zilizong'arishwa na fundi. Aliona vijana wakishuka barabarani wakimsalimu mmoja na kumpita mwingine. Hakuna katika hao aliyemwambia ajichubue. Walimpa hesabu tu, wakamwacha atafute jibu mwenyewe. Na alipolileta jibu, walimcheka kwa kujikoboa. Ikiwa lawama ni mzigo, haki yataka wabebe kwanza waliousuka huo ukanda wa kubebea, na bibi wa Gorong'a, pamoja na heshima yote anayostahili, ana mkono wake humo.

Bakuli lisipoleta rangi iliyotarajiwa, na kwa hakika haliwezi kuileta, wako wanaovuka kutoka jikoni kwenda kwenye mkorogo. Mkorogo ni mchanganyiko wa dawa za kuchubua, na jina lake hueleza jinsi utengenezwavyo, bila kipimo. Humo yaweza kuwamo hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka ya buluu na nyeusi; yaweza kuwamo dawa za steroidi, ambazo huifanya ngozi nyembamba kama karatasi; na yaweza kuwamo zebaki.

Jina la zebaki si geni upande ule wa Mara. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulio Nyamongo wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002, na pembeni mwa migodi mikubwa ya nchi hii wako wachimbaji wadogo, ambao zebaki ni chombo cha kazi yao. Humwagwa katika mchanga uliosagwa, ikashikamana na chembe za dhahabu. Donge likichomwa, zebaki hupanda na moshi na dhahabu hubaki. Moshi huo huharibu mishipa ya fahamu. Madini hayo hayo, yakitiwa katika krimu, huzuia ngozi kutengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi yake na ndiyo mwavuli wake juani. Kisha hupenya na kuziumiza figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mchimbaji aijua zebaki kuwa sumu naye huigusa kwa ajili ya dhahabu, hali dada yake aweza kujipaka bila kuambiwa jina lake.

Mataifa yamekwisha kulizungumza jambo hili. Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo mwaka 2025. Nchini Tanzania ilitungwa sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango. Yote hayo ni mema, na afisa akamataye makopo hayo sokoni afanya kazi ya kuokoa figo za watu. Ila sheria hukamata kopo. Tamaa iliyolinunua hubaki njiani ikitafuta kopo jingine, au ndimu.

Na hapa iko shuhuda ambayo haina budi kusikilizwa na kila asemaye kwamba weupe wa ngozi ni heri. Katika Tanzania wako watu waliozaliwa bila melanini ya kutosha. Hutajwa mara nyingi kwamba ni mmoja katika kila watu 1,400. Jamii ambayo humsifu aliyetakata kwa krimu iliwaita watu wenye ualbino kwa majina ya dharau, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa katika Kanda ya Ziwa, wengine waliwindwa, wakakatwa viungo, wakauawa kwa ajili ya ushirikina. Kama weupe ungalikuwa uzuri kwa nafsi yake, hao wangalikuwa wafalme. Kwa hakika mtu ajichubuaye hautafuti weupe. Autafuta usalama wa kutohesabiwa miongoni mwa wanaodharauliwa, na dharau ina tabia ya kuhama. Leo huwakalia weusi, kesho humkalia aliyezaliwa mweupe, kesho kutwa humkalia aliyejikoboa.

Kwao pia elimu ya jikoni hufika mwisho wake. Mtu mwenye ualbino hawezi kulindwa na samli, wala parachichi, wala mafuta ya nazi, na jua la Ikweta humletea kansa ya ngozi angali kijana. Huhitaji kofia pana, mikono mirefu, kivuli, na mafuta ya kuzuia jua. Mjini Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992, yalianza kutengenezwa katika miaka ya 2010 mafuta yaitwayo Kilisun, kwa ajili yao hasa. Mafuta hayo hayamwahidi mtu rangi. Humwezesha kutoka nje akaenda shuleni. Katika vyote vinavyopakwa ngozini na kutajwa hapa, hicho ndicho kilicho karibu zaidi na samli ya kale, ijapokuwa hakuna hata tone la samli ndani yake.

Mjukuu wa Gorong'a, tumrudie, bado ana parachichi usoni, nalo limeanza kukauka na kumvuta mashavu. Je, alikuwa akitunza au akihamisha? Yeye mwenyewe huenda asiweze kujibu leo. Aliposoma katika kitabu cha kemia juu ya asidi alilitupa ganda la ndimu, hilo ni kweli. Lakini kioo alikiinua mara mbili, na mara ya pili alikielekeza upande wa shavu ambalo jua halikulipata. Bibi aliona. Alikuwa na neno ulimini, lile la siku alipozaliwa mtoto huyu na masikio yake yakatazamwa, wala hakulitamka. Alitazama miguu yake mwenyewe badala yake, iliyo na magaga ya miaka mingi ya shamba, yenye mipasuko ambayo kiangazi hutoa damu.

Bakulini kulikuwa kumebaki kiasi cha vijiko viwili. "Bibi, lete mguu," alisema mjukuu, akachuchumaa.

Bibi hakusema kitu juu ya heshima ya chakula. Aliunyosha mguu polepole juu ya goti la binti, akauliza kama mbuzi wamefungwa.